Miti Isiyohesabiwa

Miche elfu nne ilifika Kugtenga siku ya Jumatatu, kabla ya mvua, kabla ya mashimo, na kabla ya mtu yeyote kuulizwa kama inatakiwa. Lori liliishusha kwenye uwanja wa shule. Shule yenyewe haikuwa na kazi nyingine. Mwalimu wa mwisho alipanda pikipiki yake miaka mitatu nyuma, siku ile watu wa msituni walipochoma ofisi ya mkuu wa wilaya, na tangu hapo hakuonekana tena. Basi miche ikapangwa madarasani, mikaratusi darasa la kwanza, mikorosho darasa la pili, na wanakijiji wakasema angalau mwaka huu kuna walioandikishwa.

Aliyekuja na lori alikuwa Bwana Kiemtore, mkuu wa mradi wa kupanda miti katika mkoa ule, mtu wa makamo mwenye miwani ya jua na viatu ambavyo havijapata kukanyaga samadi. Alisimama kwenye ngazi ya mlango wa gari ili aonekane mrefu.

"Ndugu zangu wa Kugtenga," alisema, "dunia nzima inawatazama."

Watu wawili watatu waligeuka kutazama nyuma.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Mradi ulipewa fedha za kuotesha msitu Gasko, kilomita thelathini kaskazini, na kwa miaka miwili msitu huo ulistawi vizuri sana kwenye makaratasi. Gasko kwenyewe hakuna mtu wa serikali aliyethubutu kwenda. Barabara ilikuwa imetegwa mabomu, na watu wa msituni ndio waliotoa amri huko. Sasa wanajeshi wapya walikuwa wamewapindua wanajeshi wa zamani katika mji mkuu, na hao wapya walitaka kuonekana wanafanya kitu. Kanali mmoja angekuja Jumamosi kupanda mti. Alihitaji mahali ambapo helikopta ingetua, yeye akapanda, akapigwa picha, na akaondoka kabla wenye bunduki huko porini hawajamaliza kunywa chai.

"Tumepata hekta nne kando ya barabara," alisema Bwana Kiemtore, macho kwenye kishikwambi chake. "Shamba la mzee Yamba. Tunamshukuru kwa uzalendo wake."

Talato, mke wa Yamba, alikuwa amesimama nyuma na wanawake wenzake, beseni la mtama kichwani. Alidhani masikio yake yamekosea.

"Shamba letu lina miti!" alipaza sauti.

"Nani huyo?"

"Mama Salifu," mtu mmoja akamjibu.

"Aa! Mama wa kijana wetu!" Bwana Kiemtore alitabasamu kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mama, ile si miti. Ni vichaka vilivyojiotea. Kwenye mradi, mti ni ule uliopandwa."

"Na ule unaonipa mafuta ya kupikia?"

"Huo hauna kisanduku kwenye fomu, mama."

Akacheka. Watu nao wakacheka, kwa sababu mkubwa amecheka. Kando yake alisimama kijana wa miaka ishirini na saba aliyevaa fulana ya kijani yenye picha ya mti kifuani. Huyo hakucheka. Alikuwa akitazama kidole kikubwa cha mguu wake kama anakiona kwa mara ya kwanza. Huyo ndiye Salifu, msimamizi wa mradi pale kijijini, mtoto wa kwanza wa Talato.

Miaka kumi na saba nyuma shamba lile lilikuwa jekundu na gumu kama sakafu. Upande ule, kwa kabila la Wamosi, mwanamke hapandi mti. Apandaye mti amedai ardhi, na ardhi ni ya ukoo wa mume. Talato hakubishana na mtu. Aliona tu kwamba chini ya udongo kulikuwa na visiki vilivyo hai, kila mwaka vinachipua, na kila mwaka watu wanavifyeka pamoja na magugu. Yeye akaacha kufyeka. Kwenye kila kisiki alichagua chipukizi moja lenye nguvu, akapunguza mengine, akalifunga kitambaa ili jembe la mumewe lisilipitie, na akashinda juani kufukuza mbuzi wa watu. Wakwe zake walipokuja juu, aliwajibu, "Mimi sijapanda kitu. Vimeota vyenyewe." Wakaondoka zao. Hivyo ndivyo alivyopata migunga yake, inayopukutisha majani masika na kurutubisha mtama, na mikwaju, na mikunazi, na mishea ambayo mbegu zake alikamua mafuta na kuyauza soko la mji wa Wahiguya. Miti mia tatu na kumi na miwili. Aliijua mmoja mmoja.

Sasa neno lile lile alilojikingia miaka yote, kwamba hakupanda kitu, Bwana Kiemtore alikuwa ameliokota na kumpigia nalo.

Salifu alikuja kula mchana. Yamba alikuwa kivulini mwa banda akisokota kamba, kazi pekee ambayo mgongo wake ulimruhusu. Talato alitenga ugali wa mtama na mchuzi wa bamia, akanawa, akakaa.

"Nani aliwaonyesha shamba?"

Salifu alimega tonge, akalichovya, asilipeleke mdomoni. "Mama, walitaka shamba la kando ya barabara. Yako matatu tu."

"Sikuuliza yako mangapi."

"Baba mwenyewe aliweka dole gumba."

Talato akamgeukia mumewe. Yamba alikohoa.

"Aliniambia ni karatasi ya mbolea," alisema Yamba.

"Ni karatasi ya mradi," Salifu akasahihisha. "Mbolea imo ndani yake."

"Imo ukurasa wa ngapi?" aliuliza Talato. "Niletee nione hata harufu yake."

Kuku walisogea wakitazama tonge lililokuwa likidondosha mchuzi mkononi mwa Salifu.

"Haya, wapande," Talato akaendelea. "Nafasi zipo tele kati ya mti na mti. Kuna haja gani ya kukata?"

"Haiwezekani, mama. Kuna picha mbili zinazopigwa kutoka juu, picha ya kabla na picha ya baada. Ya kabla lazima ionyeshe jangwa. La sivyo wafadhili watauliza fedha zao zimefanya nini."

"Kwa hiyo mnatengeneza jangwa."

"La muda tu."

Yamba aliangua kicheko, kisha akaona kwamba mwanawe hatanii, akakimeza.

"Mama, nisikilize," Salifu alisema kwa sauti ya chini. "Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Bwana Kiemtore amesema shamba likipatikana, naajiriwa moja kwa moja. Ni mshahara wangu uliompeleka baba hospitali. Mgunga gani umewahi kumtibu mtu mgongo?"

"Uliokulisha mpaka ukapata nguvu za kuuliza hivyo."

Salifu akarudisha tonge kwenye sahani, akainuka. Mlangoni akageuka. "Kwenye sherehe unaombwa uvae vizuri. Wewe ndiye mwanamke mnufaika."

"Ndiye nani?"

"Mnufaika. Aliyefaidika."

Tingatinga lilifika Alhamisi asubuhi likinguruma hadi vifaranga vikakimbilia ndani. Talato alilitangulia shambani. Hakubeba panga wala mchi. Alisimama tu mbele ya mti wa kwanza, mikono kiunoni, akamtazama dereva: jitu la shingo nene, alama za kabila lake mashavuni. Msamo. Talato akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa sababu Wasamo na Wamosi ni watani tangu enzi za mababu, na kwa mtani hakuna tusi linalokatazwa wala ombi linalokataliwa kirahisi.

"Wewe mla vichwa vya mbwa!" alipiga kelele. "Nani amekuruhusu kuingia shambani kwa bwana wako?"

Dereva, aliyekuwa amekunja uso tangu Wahiguya, akatoa kichwa dirishani. Uso ukamkunjuka.

"Bwana yupi? Mimi Toe mzima niwe mtumwa wa wala punda? Bibi yako tulimuuza kwa kibuyu kimoja cha pombe, tena tukadai chenji!"

"Mngejua kuhesabu chenji, ungekuwa unaendesha hilo likopo? Shuka hapo. Mbwa wako anaungua jikoni."

"Mbwa wangu ana akili kuliko kijiji chenu chote!"

"Basi mpe yeye usukani. Yeye hatakata miti ya mtani wake."

Toe alikuwa amefungua mdomo arudishe, akaufunga. Aliutazama mti, akaitazama iliyo nyuma yake, safu baada ya safu, na mabua ya mtama wa mwaka jana yaliyosimama chini yake manene kama vifundo vya mikono. Akazima injini.

"Umenipata, mama," alisema.

Bwana Kiemtore alikuja mbio, miwani mkononi. "Kuna nini? Mbona umezima?"

"Bomba la mafuta limepasuka, bosi."

"Limepasuka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Huyu mama kalipasua."

Kwa nusu saa Talato alikuwa ameshinda. Wanawake waliokuwa kando ya barabara walipiga vigelegele, na Larba, jirani yake wa kuombana chumvi, alimletea maji kwenye kata. Kisha Bwana Kiemtore akavaa miwani yake, akapanda tena kwenye ngazi ya gari, akatangaza kwamba kila atakayekuja na shoka atalipwa faranga elfu mbili kwa siku, na kuni ni zake.

Maharage hayawahi kuiva kwa muda walioutumia watu kwenda na kurudi. Walikuja na mashoka, na mapanga, mmoja na msumeno wa seremala. Walikuja waliomsimanga miaka kumi na saba kwa kuacha shamba chafu, na waliozoea kuja kumwomba majani ya kulisha kondoo. Hawakumtazama usoni. Walianza pembeni, mbali naye, kama watu wanaokula kwa adabu. Larba alipita na tawi la mkwaju begani, ukwaju mbichi ukining'inia.

"Ingekatwa tu, Mama Salifu," alisema bila kusimama. "Bora kuni zibaki kijijini."

Talato aliegemea mshea mkubwa kuliko yote, na wakata miti wakauzunguka wakaupita. Ikabaki kazi ya kumwondoa, na hakuna aliyeitaka. Bwana Kiemtore alimnong'oneza Salifu kitu. Salifu akaja, fulana imelowa jasho, panga mkononi, utomvu umeganda kwenye makali.

"Mama, ondoka."

"Niondoe."

Alimshika mkono juu ya kiwiko, mbele ya kijiji kizima, akamvuta. Talato alijikwaa, kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Akakiokota, akakifunga upya taratibu, akaondoka mwenyewe. Hakutaka kuvutwa mara ya pili.

Ijumaa adhuhuri, Bwana Kiemtore alirusha kidege chake cha kupigia picha juu ya visiki, akatazama kioo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Safi kabisa," alisema. "Jangwa lenyewe."

Helikopta ya Kanali ilitua Jumamosi saa tatu asubuhi na kufagia kila kitu. Turubai la wageni liling'oka, vitambaa vya kina mama vikaruka, na miche mia mbili iliyopangwa kwa mistari ya kupendeza ikalala chali. Vijana wakakimbia kuisimamisha. Kanali alishuka na askari wanane na mama mmoja wa Kizungu aliyewakilisha wafadhili, mwenye kofia pana na macho yaliyojaa huruma tangu angani.

Talato alikuwa amevikwa kitenge kipya chenye picha za miti. Msichana wa mradi alikuwa amemfunga yeye mwenyewe, akimwonya asikikunje, akampa na kopo la kunyweshea. Kopo lilikuwa tupu. Maji ya kisima cha pampu yaliwekwa kwa ajili ya wageni kunawa.

Kanali alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, hakujua neno la Kimosi. Salifu akawekwa katikati awe mkalimani. Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Kanali aliinama, akautumbukiza mche ndani yake pamoja na mfuko wake wa plastiki, akausukumia udongo kwa ncha ya buti. Kamera zikalia.

"Mwambie autoe mfuko," Talato alisema. "Mizizi itapitia wapi?"

"Anasema nini?" Kanali akauliza.

"Anasema Mungu akubariki," Salifu alitafsiri.

Kanali akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha Bwana Kiemtore akampa Talato kipaza sauti, akamkumbusha kwa Kimosi kwamba ana dakika moja, na kwamba neno la kwanza ni asante.

Talato alikishika kile chuma kama mtu anayeshika mwiko wa jirani.

"Naitwa Talato," alisema. "Juzi nilikuwa na miti mia tatu na kumi na miwili."

Salifu akalamba midomo. "Anasema wameipokea miche kwa furaha kubwa."

"Leo ninao mmoja, nao umevaa mfuko."

Kuna aliyecheka huko nyuma, akajibanza kwenye kikohozi. Chifu wa kijiji, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, alianza kuchunguza pindo la joho lake. "Anasema mti huu wa Kanali," Salifu alisema, "una thamani isiyo na kifani."

"Mnaokaa hapo mnajua kwamba mwanangu anadanganya," Talato aliendelea, sasa akiwatazama majirani zake mmoja mmoja, "na mnanyamaza kwa sababu mmepewa elfu mbili. Mimi mwanamke sikuruhusiwa kupanda hata mti mmoja. Nimeamka miaka kumi na saba kabla ya mbuzi. Ninyi mmetumia siku moja na nusu."

Akamgeukia Salifu, akamngoja. Kila mtu alimngoja. Yule mama wa Kizungu aliinama mbele, kalamu juu ya karatasi, kwa sababu hata asiyejua lugha huona kwamba kuna kitu kimesemwa. Salifu alifungua mdomo. Kwa pumzi moja, Talato alidhani mwanawe atalisema.

"Anasema," Salifu alianza, na sauti ikamkatika, "anasema anajivunia mwanawe."

Wageni wakapiga makofi. Yule mama wa Kizungu alijifuta jicho, akaja kumkumbatia Talato, na picha hiyo ndiyo iliyopendeza kuliko zote. Saa nne kasoro, helikopta ilikuwa tayari hewani.

"Kitenge, mama," yule msichana wa mradi alisema, mkono mbele. "Ni cha ofisi."

Talato akakivua palepale, akabaki na gauni lake la ndani lililopauka, akakikunja vizuri mara nne, akampa.

Mvua ilichelewa mwezi na nusu. Miche ilikauka ikiwa ndani ya mifuko, na ile michache iliyopandwa ililiwa na mbuzi kwa siku tatu. Mbuzi walikula hata mche wa Kanali, na kuutema mfuko. Bwana Kiemtore hakurudi. Mshahara wa Salifu ulikoma, na ile ajira aliyoahidiwa haikutajwa tena. Aliendelea kuivaa fulana kwa sababu hakuwa na nyingine nzima. Yeye na mama yake walikuwa wakisalimiana, basi.

Kisha siku moja saa tano asubuhi, Talato akipepeta mtama, pikipiki tano ziliingia kijijini bila haraka. Watu wawili wawili, bunduki mgongoni, nyuso zimefungwa vitambaa. Salifu alikuwa nyuma ya nyumba. Talato alisikia mlango wa ghala la nafaka ukijifunga taratibu, na hakugeuka.

Kiongozi wao alikuwa kijana. Alizungumza Kimosi safi cha Wahiguya, cha mtu aliyesoma hapo hapo mjini.

"Mzee, shikamoo," alimwambia Yamba. "Tumeambiwa nyumba hii ina mtu wa mradi wa serikali."

Kamba ilimponyoka Yamba mikononi. Majirani walikuwa wamekwisha kusogezwa pale uani kwa mitutu, Larba akiwa miongoni mwao, mtoto wa mtu mgongoni.

"Mtu wa mradi?" Talato aliweka ungo chini, akajipukuta makapi. "Nifuate."

Alitembea mbele ya bunduki bila kutazama nyuma mpaka shambani, majirani wakiswagwa nyuma yake. Visiki vilikuwa vimegeuka rangi ya mfupa. Udongo kati yake ulikuwa umeanza kupeperuka.

"Hii ilikuwa miti yangu. Waliikata hao hao wa mradi. Nilisimama hapa, wakanivuta kwa mkono kama mbuzi. Hebu niambie, mwanangu, nyumba ya mtu wa mradi ndiyo inayofanyiwa hivi?"

Kijana alivitazama visiki, akatema mate.

"Na mwanao wa kiume?"

"Yuko Kodivaa. Anachuma kakao."

"Tangu lini?"

Talato alikuwa na jibu, lakini kabla hajalitoa, sauti ya Larba ikasema nyuma yake, "Tangu mwaka jana, baada ya mavuno. Hajatuma hata salamu, mbwa yule." Na watu wengine wakaguna kukubali: ndiyo, mwaka jana, ndiyo, mbwa kweli. Walikuwa na mazoezi mazuri ya kunyamaza na ya kuitikia.

Kijana akawatolea hotuba. Kuanzia leo ni marufuku kupanda miti ya serikali. Na mtu asikate mti bila idhini yao, na kila mzigo wa kuni utalipiwa ushuru. Hotuba ilikuwa fupi kuliko zile za mradi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa aliyoiona Talato, pamoja na kwamba hawa walichukua mbuzi wawili wakubwa na kuwafunga kwenye pikipiki mbele ya mwenyewe. Wakaondoka kwa njia ya Gasko.

Salifu alitoka ghalani na pumba kwenye nywele. Alikuwa ameivua fulana, ameikunja imekuwa ngumi moja. Aliipeleka jikoni, akaisukuma chini ya chungu. Ilitoa moshi mweusi wa plastiki.

"Mama," alisema. "Siku ile kwenye kipaza sauti, mimi..."

"Umesikia nilivyowaambia?"

"Nimesikia."

"Nina mtoto Kodivaa. Usinifanye mwongo."

Alimfungia unga wa mtama na kopo la mafuta ya shea, la mwisho, akaumalizia mfuko kwa shati la zamani la babake. Salifu alipiga goti kumuaga baba yake. Alipomgeukia yeye, Talato alimshika mkono juu ya kiwiko, pale pale mwanawe alipomshika yeye, akambana hadi kijana akakunja uso. Akamwachia. Kabla ya alasiri Salifu alikuwa ameshashika njia ya kusini.

Yamba alilia. Talato alimalizia kupepeta.

Mtama wa mwaka ule ulifika magotini, ukageuka rangi, ukakoma hapo. Baada ya mavuno, ambayo yaliingia yote kwenye kapu moja, simu ya mradi aliyoiacha Salifu ikalia juu ya chungu ilikokuwa imewekwa. Talato alikuwa ameichaji kwa betri ya jua ya Larba kwa matumaini ya kusikia kutoka Kodivaa. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Salifu?"

"Naomba kuongea na msimamizi Salifu," alisema kijana mmoja kwa Kimosi cha mji mkuu, Wagadugu, cha haraka haraka.

"Amesafiri. Mimi mama yake."

"Wewe pia unafaa, mama. Tunafanya tathmini ya msitu wa Kugtenga. Kwa sababu ya usalama hatuwezi kufika huko, kwa hiyo tunapiga simu. Serikali mpya inataka ripoti."

"Mpya ipi tena?"

"Hii ya mwezi uliopita, mama. Yule Kanali hayupo. Sasa, katika miche elfu nne, mingapi iko hai?"

"Hakuna."

Talato alisikia vidole vikigonga, vikasimama, vikagonga tena.

"Mama, sifuri inakataa."

"Inakataa vipi?"

"Kompyuta haiipokei. Nikiweka sifuri, ukurasa hauendi mbele, na nina vijiji arobaini vya kumaliza leo."

"Wenzetu wamesemaje?"

"Wengi wana asilimia themanini."

"Kuna kijiji hata kimoja ulichokiona kwa macho yako?"

"Hapana, mama," alisema kijana, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto wa mtu.

Talato aliutazama uwanja kupitia mlangoni. Jua lilikuwa limesimama wima, na kutoka hapo hadi barabarani hapakuwa na mahali ambapo kuku angejibanza.

"Basi andika themanini, mwanangu," alisema. "Halafu mwambie mkubwa wako aje mwezi wa nne, jua likichoma, aje na mkewe na watoto, wakae kwenye kivuli chake."

"Asante sana, mama. Ukurasa umekubali." Vidole viligonga tena, sasa kwa furaha. "Na hilo la kivuli ni zuri, kuna sehemu ya maoni. Nikusomee uone kama nimelipata sawa: *Wanufaika wanaalika familia za viongozi kufurahia kivuli cha msitu.* Ni sawa?"

Talato alifungua mdomo amjibu, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini, simu kifuani, machozi yakimtiririka, na huko ndani ya simu kijana naye akacheka kidogo kwa adabu, akaaga, akakata. Yamba akaja ameshika mgongo, akasimama mlangoni.

"Ni Salifu?"

"Si yeye." Talato alijifuta macho kwa upindo wa gauni. "Ni watu wa Wagadugu. Wanasema tuna msitu."